Paka mwenye kisukari: jinsi ya kumtunza na kuzuia sukari isishuke

Somo la afya ya mifugo katika toleo hili linamhusu mnyama ambaye hatajwi sana tunapozungumzia mifugo ya Kakamega. Ng'ombe ana kadi yake ya uhimilishaji, kuku ana ratiba ya chanjo ya kideri, lakini paka huachwa alinde mahindi dhidi ya panya na kujitafutia mengine. Hata hivyo paka huugua kisukari, na ugonjwa wenyewe unafanana sana na ule wa watu wazima. Tiba ipo. Tatizo ni kwamba tiba hiyo, ikitolewa kiholela, humuua paka haraka kuliko ugonjwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu sukari kushuka.

Ukifuga paka, au ukiishi na mtu anayedungwa insulini nyumbani, soma hadi mwisho.

Dalili za kwanza

Paka wa kawaida hanywi maji mengi. Ukimwona anarudi kwenye bakuli la maji mara kwa mara, anakunywa hata maji ya beseni la vyombo, na anakojoa sana kuliko zamani, hiyo ni alama ya kwanza. Alama ya pili huwachanganya wengi: anakula vizuri, pengine hata zaidi ya zamani, lakini anakonda mgongo na makalio. Manyoya hupoteza mng'ao. Ugonjwa ukiendelea, paka wengine huanza kutembea kwa kulaza miguu ya nyuma, kisigino kikigusa chini, kwa sababu mishipa ya fahamu imeathirika. Wazee wetu walijua kisukari cha binadamu kwa kuona sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo, na mkojo wa paka mwenye kisukari nao una sukari vivyo hivyo.

Asipotibiwa, mwili huacha kutumia sukari na kuanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe. Hapo hutokea sumu ziitwazo ketoni. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anazijua hata kama hajui jina lake: ni zile zinazofanya pumzi ya ng'ombe aliyezaa karibuni inuke kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, naye akatae kula. Paka akifika hapo anatapika, analegea, anaacha kula. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Chanzo chake

Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoingiza sukari ya damu ndani ya chembe za mwili. Katika paka wengi wenye kisukari, mwili umeanza kuizoea insulini na kuipuuza, kisha kongosho huchoka. Wanaoathirika zaidi ni paka wa makamo na wazee, wanene, wasiotoka nje, na hasa madume yaliyohasiwa. Sindano za steroidi zinazotolewa kwa ajili ya mwasho wa ngozi nazo hupandisha sukari, na zikirudiwarudiwa zinaweza kumtumbukiza paka kwenye kisukari kabisa.

Paka wa shambani Shinyalu au Navakholo anayekimbizana na panya usiku kucha si rahisi apate ugonjwa huu. Paka wa nyumba za mjini, anayelala kwenye kochi na kupewa ugali kwa maziwa mara tatu kwa siku, yuko karibu nao zaidi. Paka ni mla nyama. Mwili wake umeumbwa kutumia protini na mafuta, na wanga hauna kazi kubwa kwake. Ugali ni wanga mtupu. Biskuti kavu za paka za dukani nazo nyingi zina wanga wa kutosha, ingawa picha kwenye mfuko ni ya samaki.

Chakula kinachomfaa ni omena waliochemshwa bila chumvi, nyama, moyo na maini kidogo, mayai yaliyopikwa. Moyo na samaki vina taurini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuitengeneza ya kutosha. Maini yasiwe ya kila siku, kwa maana vitamini A ikizidi huharibu mifupa. Mnene apunguzwe polepole, kwa miezi. Kumnyima paka mnene chakula ghafla humharibu ini.

Lakini zingatia jambo hili: kama paka tayari anadungwa insulini, usibadilishe chakula chake kabla ya kuongea na daktari wa mifugo. Ukimtoa kwenye ugali na kumweka kwenye omena na nyama, sukari yake inaweza kushuka ndani ya siku chache, na kipimo cha insulini kilichokuwa sawa juma lililopita kikawa kingi mno. Watu wenye nia njema kabisa huwadhuru paka wao kwa njia hii.

Kwanza hakikisha ni kisukari kweli

Paka akiogopa, sukari yake hupanda. Si kidogo, inaweza kupanda hadi kiwango cha mgonjwa wa kisukari. Sasa fikiria paka aliyetiwa ndani ya gunia, akafungwa kwenye bodaboda kutoka Malava hadi Kakamega mjini, akashikwa na watu wawili asiowajua na kutobolewa sikio. Mashine ikisoma 15, je, ana kisukari? Huenda hana. Na paka asiye na kisukari akidungwa insulini, anaweza kufa siku hiyo.

Kwa hiyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Daktari ataangalia dalili za nyumbani, atapima sukari kwenye mkojo na, ikiwezekana, atatuma damu maabara kupima fruktosamini, ambayo huonyesha wastani wa sukari kwa wiki moja hadi tatu zilizopita na haibadilishwi na hofu ya siku moja. Mlete paka kwa katoni yenye matundu au kikapu chenye kifuniko, ukiweka ndani kitambaa anacholalia. Gunia liachie mahindi.

Insulini na sirinji

Hapa ndipo ajali nyingi hutokea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nyumba nyingi za kaunti hii zina mtu anayetumia insulini, mara nyingi ile ya mchanganyiko wa 70/30. Ni rahisi kuwaza kwamba tone moja la chupa ya nyanya litamtosha paka. Usifanye hivyo. Kwanza, insulini hiyo kwa paka wengi hushusha sukari kwa ghafla kisha huisha mapema. Madaktari wengi huchagua aina inayofanya kazi polepole na kwa muda mrefu, kama glajini, au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Pili, sindano iliyomgusa mnyama ikirudi kwenye chupa ya mgonjwa, chupa nzima imechafuka. Tatu, insulini ya nyanya ni ya nyanya. Ikipungua kabla ya siku ya kliniki, yeye ndiye atakayelazwa. Vidonge vya kisukari vya binadamu navyo paka asipewe. Nusu tu ya kidonge cha glibenklamaidi inaweza kumwangusha.

Sasa hesabu. Insulini ya binadamu ya kawaida ina yuniti 100 katika kila mililita. Insulini nyingi za wanyama zina yuniti 40 katika kila mililita. Kila moja ina sirinji yake, na alama kwenye sirinji zimechorwa kufuata nguvu ya dawa. Sirinji ya yuniti 100 kwa kawaida huwa na kifuniko cha rangi ya machungwa, na ya yuniti 40 huwa na kifuniko chekundu, lakini soma maandishi, usitegemee rangi peke yake.

Tuchukue mfano. Daktari ameagiza yuniti 1. Una chupa ya yuniti 100 lakini sirinji uliyouziwa ni ya yuniti 40. Ukivuta hadi alama ya 1, umevuta mililita 0.025. Katika chupa ile, mililita 0.025 ni yuniti 2.5. Paka amepata mara mbili na nusu ya dawa yake. Kama kipimo kilikuwa 2, amepata 5. Ukikosea upande wa pili, yaani chupa ya 40 na sirinji ya 100, paka anapata yuniti 0.4 badala ya 1, sukari haishuki, na siku ya kliniki daktari anaongeza dawa akidhani haitoshi. Kisha siku moja unanunua sirinji sahihi na paka anaanguka. Ukienda kwenye duka la dawa, beba chupa yenyewe na uioneshe.

Paka wengi huanzishwa kwa kipimo kidogo, mara nyingi yuniti 1 kila baada ya saa 12, na kipimo hicho hurekebishwa polepole kwa wiki kadhaa. Anayekirekebisha ni daktari. Hakuna haraka hapa: sukari kuwa juu kwa siku mbili haimuui paka anayekula vizuri, lakini sukari kuwa chini kwa saa mbili inaweza kumuua.

Kabla ya kila sindano

Mpe chakula kwanza. Akila, mdunge chini ya ngozi akiwa bado anakula, wengi hawashtuki. Asipokula, au akitapika, usimdunge, piga simu. Kama hujui ikiwa sindano imeingia au dawa imemwagika kwenye manyoya, usirudie. Subiri saa 12 zifike.

Nyumbani awepo mdungaji mmoja, na daftari moja lililofungwa kwa kamba karibu na dawa: tarehe, saa, amekula au hajala, yuniti ngapi, nani amedunga. Tunasisitiza hili la daftari kwa sababu nyumba zetu zina watu wengi. Mama anadunga saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda sokoni, kijana anaamka saa mbili, anaona sirinji mezani na kudunga tena ili asaidie. Daftari la shilingi chache linazuia hilo.

Ukiwa na mashine ya kupima sukari, hata ile ya binadamu, unaweza kumpima nyumbani. Pasha sikio joto kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya vuguvugu, paka mafuta ya mgando kidogo ukingoni ili tone lisisambae kwenye manyoya, toboa ukingo wa sikio, gusisha kijikaratasi. Paka mzima huwa kati ya 4 na 8 hivi, kwa vipimo vya mmol/L tunavyotumia Kenya. Mashine ya binadamu mara nyingi husoma chini kidogo kuliko hali halisi ya paka. Hata hivyo ikisoma chini ya 4, usibishane nayo. Usidunge, mpe chakula, piga simu. Sindano ya kutobolea iliyotumika kwa mtu isitumike kwa paka, wala ya paka kwa mtu.

Sukari ikishuka

Kuna jambo la kushangaza kwenye kisukari cha paka ambalo kwa watu hulioni kwa urahisi hivyo. Paka aliyegunduliwa mapema, akapewa chakula cha nyama na insulini ya kumfaa, anaweza kupona kiasi cha kutohitaji insulini tena, pengine kwa miezi, pengine kwa miaka. Kongosho linaamka. Hiyo ni habari njema, lakini ndiyo pia saa ya hatari kubwa: mwenyewe anaendelea kudunga kipimo kile kile wakati mwili umeshaanza kutoa insulini yake. Kwa hiyo paka aliyeanza kupunguza kunywa maji, akanenepa kidogo na kuchangamka, ndiye wa kupimwa zaidi.

Dalili za sukari kushuka huanza saa chache baada ya sindano. Paka analia kwa njaa kuliko kawaida, au kinyume chake anajificha chini ya kitanda na haitiki akiitwa. Anayumba kama aliyelewa. Anatetemeka, anakodoa macho bila kuona. Kisha degedege, kisha kuzimia. Wengine hurukia hatua za mwisho bila kuonyesha zile za mwanzo.

Kama bado yuko macho na anameza, mpe chakula chake mara moja. Asipokitaka, mpe glukosi ya unga ya dukani iliyokorogwa na maji kidogo iwe nzito, au asali, kama kijiko kimoja cha chai, kidogo kidogo. Sukari ya kawaida kwenye maji ya vuguvugu inafaa pia. Soda zisizo na sukari hazisaidii kitu.

Kama hawezi kumeza au ana degedege, usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, mbali na jiko na ngazi. Chukua pamba au kitambaa chenye asali au glukosi nzito, sugua kwenye ufizi kwa nje, ndani ya shavu. Kidole kisipite kati ya meno. Mfunike asipoe, na msafiri kwenda kwa daktari mkiendelea kusugua kidogo kidogo.

Tuseme neno kuhusu asali, maana tunayo nzuri. Kando ya Msitu wa Kakamega wako wafugaji wa nyuki wasiouma, na asali yao inapendwa kama dawa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia walionyesha kwamba asali ya nyuki wasiouma wa Australia, Malaysia na Brazil ina sukari iitwayo trehalulosi, ambayo huingia kwenye damu polepole. Kwa mtu huo unaweza kuwa uzuri wake. Kwa paka anayezimia, polepole ndicho tusichokitaka. Kwa dharura weka pakiti ya glukosi, au asali ya nyuki wa kawaida.

Akiamka baada ya dakika kumi na kuomba chakula, usidhani yamekwisha. Insulini bado iko mwilini kwa saa nyingi. Mpe chakula, mpime au mtazame kila baada ya muda mfupi, na usimdunge tena mpaka daktari aseme.

Si kila degedege ni sukari

Paka wetu hula panya, na panya wetu hula sumu. Paka aliyekula panya mwenye sumu, au aliyelamba dawa ya kunyunyizia mimea, anaweza kutetemeka na kutoa povu. Kama paka huyo hadungwi insulini, sukari si jambo la kwanza kufikiria. Chukua pakiti ya sumu kama ipo na umwahishe kwa daktari.

Na kuna kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata na kukiambukiza. Paka aliyebadilika tabia ghafla, anayeshambulia bila sababu, anayedondosha mate, hasa asiyechanjwa, usimshike mdomo kwa namna yoyote. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Ni vyema paka wa kudungwa kila siku awe amechanjwa tangu mwanzo.

Kuhifadhi dawa

Insulini huhifadhiwa kwenye friji, kwenye rafu ya kati au mlangoni, isigande. Ikiganda imeharibika hata kama imeyeyuka vizuri. Pasipo na friji, vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga mbichi katikati, vikiwekwa kivulini, hupunguza joto vya kutosha kwa chupa inayotumika. Usiiache dirishani wala kwenye gari. Aina yenye mawingu ibingirishwe taratibu kati ya viganja, isipokuwa maelekezo ya kiwandani yaseme itikiswe. Chupa iliyofunguliwa ina siku zake. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo.

Sindano zilizotumika zitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kisha zipelekwe kwenye kituo cha afya au kwa daktari wa mifugo. Zisitupwe chooni wala kwenye shimo la taka ambamo watoto huokota makopo.

Kuhusu gharama, tuseme wazi. Sindano mbili kila siku, vipimo, na safari za kliniki si jambo dogo kwa nyumba yenye karo ya kulipa. Mwambie daktari ukweli kuhusu uwezo wako mapema, kabla ya kuanza. Paka anayedungwa leo na kusahauliwa kesho huteseka zaidi. Pale ambapo tiba haiwezekani na mnyama anaumia, daktari anaweza kumlaza bila maumivu, na hakuna aibu katika hilo.

Kumfikia daktari

Hudumiwa na mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama sheria ya mwaka 2011 inavyotaka. Una haki ya kuomba kuona cheti chake. Maafisa wa mifugo wa wadi wengi wamezoea ng'ombe, lakini wapigie, maana mkobani mwao mara nyingi wana dekstrozi wanayowapa ng'ombe wenye ketosisi, na dawa hiyo hiyo, ikichanganywa na maji ya sindano ili ipunguzwe nguvu, huwekwa kwenye mshipa wa paka aliyezimia. Unapopiga simu anza na maneno haya: "Paka huyu anadungwa insulini." Kisha taja saa ya sindano ya mwisho, yuniti ngapi, na kama alikula. Ukienda, beba chupa, sirinji na daftari.